Haki Isiyo na Tarehe: Bunge na Sheria za Watu Wenye Ulemavu



Ukizisoma kumbukumbu za mabunge kuhusu miswada ya haki za watu wenye ulemavu, iwe London, Nairobi au Dodoma, utapekua sana kabla ya kumpata mbunge aliyesimama akasema waziwazi kwamba watu hawa hawastahili haki. Kila anayesimama anaunga mkono. Anamsifu aliyeuleta mswada, anamtaja jamaa yake mwenye ulemavu, anaipongeza serikali, kisha anaketi akipigiwa makofi. Miaka inapita. Mtu aliyesemewa maneno hayo mazuri bado yuko chini ya ngazi za ofisi ya umma, anangoja wa kumbeba.

Nataka tulichunguze jambo hili pamoja. Ikiwa wote wanasema ndiyo, hapana inasemwa wapi? Jibu langu ni kwamba inasemwa mahali panne ambapo wananchi hatuna mazoea ya kupaangalia: kwenye saa ya Bunge, kwenye maneno yanayotaja wajibu, kwenye tarehe ya sheria kuanza kutumika, na kwenye hesabu. Anayezitaka haki hizi kwa dhati sharti ajifunze kusoma mahali hapo panne.

Saa

Naanza na London, kwa sababu mabunge ya Kenya na Tanzania yamerithi sehemu kubwa ya utaratibu wake kutoka huko: Spika, kusomwa kwa mswada mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na uchambuzi wa kifungu baada ya kifungu.

Mwaka 1982, Jack Ashley, mbunge wa Stoke-on-Trent aliyepoteza uwezo wa kusikia baada ya kufanyiwa upasuaji mwaka 1967, alipeleka katika Bunge la Makabwela mswada wa kupiga marufuku ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Haukupita. Wabunge wengine wakajaribu baada yake, mara kwa mara, kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1994 ikawa zamu ya Roger Berry wa chama cha Labour. Mswada wake wa haki za kiraia za watu wenye ulemavu ulipita hatua ya kusomwa mara ya pili mwezi Machi, na walioungoja waliamini kwamba safari hii umefika.

Mswada huo ulikuwa wa mbunge binafsi, si wa serikali. Miswada ya aina hiyo hujadiliwa siku ya Ijumaa, na kikao cha Ijumaa hufungwa saa nane na nusu mchana. Saa hiyo ikigonga na mtu bado anazungumza, mjadala unakatika, na mswada usio na siku nyingine ya kujadiliwa unakufa. Anayetaka kuuangusha hana haja ya kupiga kura ya kuupinga. Anachohitaji ni kuendelea kusema.

Ijumaa ya tarehe 6 Mei 1994, wabunge wachache wa chama tawala cha Conservative walikuwa wameshawasilisha takriban marekebisho 80. Kila rekebisho lilitaka maelezo, na kila maelezo yalikula dakika. Waziri aliyesimamia masuala ya watu wenye ulemavu, Nicholas Scott, naye akazungumza kwa muda mrefu. Saa ikafika, mswada ukaanguka. Waziri alikuwa amekana kwamba wizara yake ilihusika na marekebisho yale. Baadaye ilibainika kwamba yaliandikwa na wanasheria wa serikali yenyewe, naye akalazimika kuliomba Bunge radhi. Binti yake Victoria, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la kutetea watu wenye ulemavu, alijitokeza hadharani kumtaka ajiuzulu.

Tukitazama siku ile tutaona kwamba mswada uliuawa bila hata kura moja kupigwa dhidi yake. Mwananchi ambaye angetafuta orodha ya waliopinga asingeiona. Ndiyo maana nasema saa ya Bunge ni mahali pa kwanza pa kuangalia. Kwetu hali ina sura yake: muhula wa Bunge ukimalizika, mswada ambao haujakamilika hufa pamoja na Bunge hilo, na aliyeuleta, kama atarudi, huanza upya. Kamati inayochelewesha ripoti na kiongozi anayekosa kuupangia mswada nafasi kwenye ratiba wamesema hapana, na majina yao hayaandikwi popote.

Gharama na anayeilipa

Kabla ya kwenda mahali pa pili, kuna neno moja la kulichunguza. Katika mjadala ule wa London, serikali ilitoa makadirio kwamba mswada ungegharimu pauni bilioni 17. Kila nchi iliyojadili sheria ya namna hii imelisikia neno hilo la gharama, na si neno la kupuuzwa. Njia ya mteremko inahitaji saruji, mkalimani anahitaji mshahara, kitabu cha nukta nundu ni kikubwa na uchapaji wake ni ghali.

Lakini makadirio yale yalihesabu upande mmoja. Yalihesabu pesa ambazo serikali na wafanyabiashara wangetoa. Hayakuhesabu pesa ambazo watu wenye ulemavu na jamaa zao tayari wanatoa kila siku kwa kuwa sheria haipo.

Nimewahi kusimama kwenye steji ya matatu hapa Pwani, asubuhi, nikamtazama mama mmoja kijana aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu akienda kliniki. Matatu mbili zilimpita. Ya tatu ilisimama. Makanga akamwangalia, akakiangalia kiti, akamwambia bei: nauli yake, nauli ya kiti kwa sababu kitakaa mahali pa abiria, na kitu kidogo cha vijana watakaombeba. Yule mama hakubishana. Alifungua mkoba, akahesabu, akalipa, akainuliwa kwapani na wanaume wawili asiowajua mbele ya watu wote. Alilipia safari moja karibu mara tatu ya nilivyolipa mimi, na kurudi kulimngoja jioni.

Gharama ipo, na inalipwa tayari. Ubishi wa Bungeni ni juu ya nani ailipe: umma wote kwa pamoja, au mama yule peke yake kutoka kwenye mkoba wake. Mbunge anayesema nchi haina uwezo ameshachagua, na amemchagua mama yule.

Maneno ya wajibu

Mahali pa pili ni kwenye sentensi zenyewe za sheria. Mwaka 1970, Alf Morris alifanikisha sheria ya kwanza kubwa ya Uingereza kuhusu wagonjwa wa muda mrefu na watu wenye ulemavu. Ilitiwa saini tarehe 29 Mei, Bunge likiwa linavunjwa kwa ajili ya uchaguzi. Ilikuwa kazi ya kishujaa, na wengi walifaidika nayo. Hata hivyo kifungu chake cha majengo ya umma kilimtaka mwenye jengo azingatie mahitaji ya watu wenye ulemavu pale tu inapowezekana na inapofaa kulingana na hali. Nani aamue kwamba haiwezekani? Mara nyingi ni mwenye jengo mwenyewe.

Sheria ya Kenya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilifanya vivyo hivyo kwenye ajira. Wengi wetu tulifundishwa kwamba sheria ile ilitenga asilimia 5 ya kazi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kisomeni kifungu cha 13 polepole. Kilisema Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu litajitahidi kuhakikisha asilimia 5 ya nafasi za kibarua, za dharura na za mkataba zinatengwa. Mwajiri hakuamriwa kitu katika kifungu hicho. Aliyepewa kazi ni Baraza, na kazi yenyewe ni kujitahidi. Kazi za kudumu, zenye pensheni na kupandishwa cheo, hazikutajwa. Mwalimu mwenye ulemavu aliyetaka ajira ya maisha alipewa na sheria ile tumaini la kibarua.

Katiba ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi, nami naiheshimu. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufika kila mahali, na ya kutumia lugha ya alama, nukta nundu au njia nyingine inayomfaa. Ibara ya 120 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lakini ibara hiyohiyo ya 54 inapofika kwenye viti vya kuchaguliwa na kuteuliwa, inasema kanuni ya asilimia 5 itatekelezwa hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ni ipi? Ya mwisho ni lini? Haisemi. Wahenga walishatuonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa ngoja imeandikwa ndani ya Katiba.

Tarehe ya kuanza

Mahali pa tatu ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu hapajadiliwi kabisa barazani wala magazetini.

Sheria ile ya Kenya ilitiwa saini tarehe 31 Desemba 2003, ikaanza kutumika tarehe 16 Juni 2004. Haikuanza yote. Vifungu sita viliachwa nyuma, na miongoni mwake vilikuwemo cha majengo ya umma na cha magari ya abiria. Vilikaa kitabuni, vimeshapitishwa na Bunge, vimeshasainiwa na Rais, lakini havina nguvu. Vilianza kutumika tarehe 1 Januari 2010. Na hapo navyo vilikuwa na muda wake wa ndani: wenye magari ya abiria walipewa miaka miwili, wenye majengo miaka mitano.

Tuyaweke hayo kwenye maisha ya mtoto mmoja. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa miguu siku ile sheria iliposainiwa angefika umri wa kuingia darasa la kwanza mwanzoni mwa 2010. Kama kifungu cha majengo kingeanza pamoja na sheria, muda wa miaka mitano ungekuwa umekwisha katikati ya 2009, na angelikuta jengo la umma limeshatengenezwa. Kwa kuwa kiliachwa nyuma, muda uliisha Januari 2015. Kufikia hapo mtoto alikuwa ametimiza miaka 11. Miaka mitano ya kwanza ya shule yake ya msingi ilikuwa imepita hivyo kwa sababu ya pengo kati ya saini na tarehe ya kuanza, na hiyo ni hesabu ya kisheria tu. Wangapi walitii hata baada ya 2015, nyinyi mnaopanda ngazi za ofisi zetu mnajua.

Msidhani hili ni la Kenya peke yake. Baada ya fedheha ya mwaka 1994, Nicholas Scott aliondolewa kwenye nafasi ile na William Hague akachukua, na serikali ikaleta mswada wake yenyewe. Sheria ya kupinga ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu ikapata idhini tarehe 8 Novemba 1995. Ila wajibu wa kurekebisha vizuizi vya majengo ya huduma, yaani ngazi, milango na vyoo, haukuanza mpaka Oktoba 2004. Miaka karibu tisa. Nchi tajiri nayo ilijua kutia saini leo na kuanza kesho kutwa.

Muda wa maandalizi ni wa lazima, sikatai. Gari halibadilishwi kwa usiku mmoja. Lakini muda wa maandalizi ni ule wenye mwisho uliotajwa ndani ya sheria, ambao kila mtu anaweza kuuhesabu. Kifungu kinachoachiwa Waziri aamue siku kitakapoanza kimetoka mikononi mwa Bunge, na Bunge lililoona fahari kukipitisha haliwezi tena kuulizwa.

Hesabu

Mahali pa nne ni namba. Sheria ya Tanzania ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ilifanya jambo ambalo Kenya ya 2003 haikulifanya: ilimtaka mwajiri mwenyewe, mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Huo ni wajibu, na una mtu wa kuulizwa. Sasa chukueni kalamu. Asilimia 3 ya 20 ni sehemu sita za kumi za mtu. Mwajiri mjanja mwenye watu 20, 25 au hata 30 anaweza kudai kwamba hajafikia mtu mmoja kamili. Ni mpaka afike watu 34 ndipo ubishi unakwisha.

Sheria mpya ya Kenya, iliyotiwa saini na Rais William Ruto tarehe 8 Mei 2025, nayo inaanzia kwa mwajiri wa wafanyakazi 20, lakini inataka asilimia 5. Asilimia 5 ya 20 ni mtu mmoja, kamili, bila ubishi. Tofauti ya asilimia mbili inaonekana ndogo ikisomwa kwa haraka Bungeni. Kwa kijana mwenye stashahada anayebisha hodi kwenye kampuni ya watu 20, ndiyo tofauti kati ya kuwa na haki na kutokuwa nayo.

Namba hiyo ya 20 ina historia. Sheria ya Uingereza ya 1995 iliwaacha nje waajiri wenye wafanyakazi chini ya 20. Mwaka 1998 kizingiti kikashushwa hadi 15, na mwaka 2004 kikaondolewa. Waingereza waligundua kwamba ubaguzi haupungui kwa sababu ofisi ni ndogo. Kwetu, ambako watu wengi huajiriwa na maduka, gereji, hoteli ndogo na mashamba, kizingiti cha 20 kinawaacha wengi mno nje ya mlango. Mjadala wa mbele uanzie hapo.

Na kabla ya asilimia za ajira, kuna hesabu ya watu wenyewe. Sensa ya Kenya ya 2009 ilisema watu wenye ulemavu ni asilimia 3.5. Ile ya 2019 ikasema asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani 918,270. Tanzania, katika sensa ya 2022, ilipata asilimia 11.2 ya wenye miaka 7 na zaidi. Mpaka wa Namanga haugeuzi miili ya watu. Kinachobadilika ni swali linaloulizwa na kiwango kinachowekwa ili mtu ahesabiwe. Mbunge anayepanga bajeti kwa asilimia 2.2 na anayepanga kwa asilimia 11.2 hawajengi nchi moja. Mswada unapofika mezani, muulizeni anayetaja idadi: umemhesabu nani, na umemwacha nani?

Waliomo ndani ya ukumbi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mambo haya manne hayakufichuliwa na wasomi kama mimi. Yalifichuliwa na watu wenye ulemavu, ndani na nje ya mabunge, kwa kuwa wao ndio waliolala kwenye kitanda hicho.

Tanzania, mwaka 2008, katika kipindi ambacho watu wenye ualbino walikuwa wanauawa kikatili, Rais Jakaya Kikwete alimteua mmoja wao, Al-Shymaa Kwegyir, kuwa mbunge. Mwaka 2010, wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo nchini humo. Uzito wa ushindi ule hauko kwenye kiti tu. Uko kwenye maelfu ya watu waliopanga foleni katika mji wa pwani na kuweka tiki mbele ya jina la mtu ambaye wengine walimwona ni mkosi.

Kenya, Katiba imetenga viti viwili katika Seneti, mwanamke na mwanamume, kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Isaac Mwaura, mwenye ualbino, alihudumu katika Bunge la Taifa na baadaye Seneti. Mwaka 2022 aliingia Crystal Asige, mwanamuziki asiyeona. Mwaka 2023, yeye pamoja na Seneta Danson Mungatana walileta mswada uliokuja kuwa sheria ya 2025. Kati ya Katiba kuzinduliwa Agosti 2010 na saini ya Mei 2025 ni karibu miaka 15. Mswada ulipata mwenyewe, naye hakuuachilia.

Lakini viti vya kuteuliwa vina udhaifu wake. Anayeteuliwa na chama hutazama uso wa chama, na muhula ukiisha hana jimbo la kumrudisha. Lengo letu lisiishie kwenye uteuzi. Watu wa Lindi walituonyesha kwamba kura ya kawaida inawezekana, na vyama vyetu vikuu havina kisingizio cha kuwakosesha watu wenye ulemavu tiketi za majimbo yenye ushindi.

Tunachopaswa kufanya

Nawaomba mtoke hapa na maswali manne ya kuuliza kila mswada, kila kanuni na kila sheria ndogo ya kaunti au halmashauri. Nani ameamriwa, kwa cheo chake? Ameamriwa afanye nini hasa, na je, neno ni "atafanya" au "atajitahidi"? Mwisho ni tarehe gani? Na asipofanya, tunamshtaki wapi, kwa adhabu gani? Kifungu kisichoweza kujibu maswali hayo yote manne ni salamu za heri, hata kikipitishwa kwa makofi.

Kazi ya sasa iko kwenye sheria ya 2025. Sheria kama hii hupata meno kupitia kanuni na bajeti, na hizo huandikwa bila kamera za televisheni. Vyama vya watu wenye ulemavu viwe mezani kanuni zinapoandikwa, si kualikwa kuzisikiliza zikishachapishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unazitaka serikali zishauriane nao kwa karibu. Hilo si fadhila, ni sharti tulilolikubali kwa saini.

Nanyi wanafunzi, mnapokwenda nyumbani likizoni, mwandikieni mwakilishi wenu wa wadi barua yenye swali moja: ofisi zipi za umma katika wadi yetu bado haziingiliki kwa kiti cha magurudumu, na kila moja itatengenezwa kufikia tarehe ngapi? Asipojibu, mwandikieni tena, na nakala muipeleke kwa karani wa bunge la kaunti ili iingie kwenye kumbukumbu. Kisha jina lake, swali lenu na ukimya wake mvipeleke kwa wapiga kura kabla ya uchaguzi. Anayesema hapana kwa kunyamaza lazima naye awe na jina.